Mkojo, Haja Ndogo na Maneno Niliyojificha Nyuma Yake

Kata ya Daudi, Mbulu
Jumamosi, saa tisa alasiri

Paskalina binti yangu,

Wewe na mama yako mmekwenda ng'ambo ya bonde kumuaga bibi, na nyumba imebaki na mimi pamoja na sanduku lako la bati lililokwisha kufungwa. Sitakuandikia habari za sabuni, ndala wala namna ya kutunza ufunguo. Hayo mama yako ameyasema mara tatu, na mara ya tatu wewe ndiye uliyekuwa ukimmalizia sentensi. Mimi nakuandikia kuhusu neno moja ambalo jana, wakati wa chakula, nililizunguka kama mtu anayezunguka nyumba yenye mbwa.

"Umejiandaaje kuhusu lile jambo?" nilikuuliza.

Ukaweka kijiko chini. "Lipi, baba?"

"Lile la usiku."

"Lina jina," ukasema.

Mama yako alicheka hadi akashika meza. Mimi nikaomba nipitishiwe chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yangu.

Basi naliandika leo, kwa kuwa kalamu ina ujasiri kuliko mdomo wangu: unakojoa kitandani. Si kila siku. Pengine mara mbili kwa wiki, na zipo wiki zinazopita kavu kabisa. Una miaka kumi na minne, akili yako ni kali kuliko yangu, na kesho utapangiwa kitanda katika bweni la wasichana ambao hakuna hata mmoja unayemfahamu. Katika fomu ya kujiunga na shule, mahali panapouliza matatizo ya kiafya ya mwanafunzi, baba yako, ambaye ni tabibu kwa taaluma na kiapo, aliandika kwa mwandiko mzuri: "Hana." Mlezi wa bweni hajui lolote. Asipojua kabla ya kugawa vitanda, wenzako watajua kabla yake. Hilo ndilo lililonikalisha mezani mchana huu, wakati ng'ombe wanadai maji na ninawasikia.

Nataka nikueleze jinsi mtu aliyesomea mwili wa binadamu anavyoweza kufikia hatua ya kuogopa mkojo wa mwanawe.

Nilipohitimu stashahada yangu ya utabibu, wewe ulikuwa na miaka minne, nami nilikuwa kijana mwenye shati moja jeupe na matumaini mengi. Nilikusudia kupanda hadi ngazi ya wilaya, kisha mkoa, na niliamini kwamba anayepanda hutambulika kwa maneno yake. Nikaanzisha daftari. Upande wa kushoto niliandika neno kama linavyosemwa na watu wa kwetu. Upande wa kulia niliandika neno linalofaa kutamkwa mbele ya mkubwa. Kukojoa kukawa kupata haja ndogo. Kunya, neno ambalo bibi yako hulitaja bila hata kupepesa jicho, kukawa haja kubwa, na katika fomu za maabara kukawa choo. Tumbo la kuendesha likawa kuharisha. Kujamba kulinipa taabu ya siku mbili, hadi nilipopata kutoa hewa. Kila neno jipya lilinifurahisha kama mtu aliyepata kifungo kinachofanana na vile vingine vya shati lake.

Siku yangu ya kwanza katika mkutano wa kijiji kule Hanang, kwenye kituo cha afya nilichopangiwa, niliombwa kuzungumzia usafi. Nilisimama nikatoa hotuba kuhusu umuhimu wa kila kaya kuwa na maliwato bora. Nilizungumza dakika kumi, na sijapata kusikilizwa vile. Nilipokaa, mama mmoja mtu mzima akainua mkono.

"Daktari, hongera kwa kutujali. Sasa hilo liwato linaleta maji kutoka wapi?"

"Mama, maliwato ni choo."

"Choo?" Akawageukia wenzake. "Ni choo jamani! Mimi nimekaa juani hapa nikifikiri tunaletewa bomba."

Watu walicheka, nami nikacheka nao, ila jioni sikulifuta neno lile kwenye daftari. Nilijiambia kuwa tatizo lilikuwa elimu yao.

Usidhani nadharau maneno ya adabu, Paskalina. Nayapenda mpaka leo, na kadiri ninavyozeeka kazini ndivyo yanavyonishangaza zaidi. Umewahi kumsikia kondakta wa basi linalosimama porini? "Wa kuchimba dawa, dakika tano!" Abiria wote wanashuka, baba mchungaji huku, mwalimu kule, akina mama nyuma ya kichaka kikubwa, na wanarudi wakiwa na heshima zao zote. Hakuna aliyekojoa, watu walichimba dawa. Aliyelitunga neno lile simjui, lakini aliwajengea Watanzania choo kisicho na ukuta. Hiyo ni kazi nzuri ya neno la adabu: linakupa mahali pa kujisitiri, na linakuruhusu ufanye unachotakiwa kufanya.

Nimejiuliza pia kwa nini tunayabagua maji ya mwili. Mtu akipiga chafya kanisani anaambiwa pole. Akitoka jasho shambani anasifiwa. Akilia msibani anashikwa mkono. Lakini mkojo, ambao kwa macho ya tabibu ni ndugu wa karibu wa jasho, maji na chumvi vilivyotoka katika damu ileile, huo hauna wa kuupa pole. Nilimuuliza nesi Marselina, ninayefanya naye kazi, kwa nini iko hivyo. Alikuwa akifunga kidonda cha mtu. "Kwa sababu machozi yanaonyesha una moyo," akasema bila kuinua kichwa. "Mkojo unaonyesha una kibofu tu, na hata mbuzi anacho." Sijapata jibu bora kuliko hilo, wala silikubali moja kwa moja.

Sasa nikuelekeze kwenye kosa langu la kwanza, ambalo wewe unalijua kwa upande mmoja tu.

Ulikuwa na miaka tisa. Shangazi yako wa Maretadu aliomba ukakae naye wakati wa kuvuna maharage, na wewe ulikuwa ukiruka hapa uani kwa furaha, kwa kuwa ulipenda kazi ya kupiga maharage na fimbo pamoja na binamu zako hadi maganda yaruke. Nilitaka ulalie mkeka peke yako, lakini sikutaka kusema sababu. Nikampigia shangazi yako simu na kumwambia, kwa sauti yangu ya hospitalini, kwamba una mzio. "Mzio wa nini?" akauliza. Nikasema, wa magodoro. "Na vumbi?" Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikasema ndiyo, kiasi.

Shangazi yako anakupenda, na alilipokea neno la daktari kama amri. Kwa siku tatu alikufungia ndani, mbali na vumbi la maharage, na ukatazama dirishani watoto wenzako wakipiga, wakiimba, wakirushiana maganda. Uliporudi uliniuliza, "Baba, mzio ni ugonjwa gani? Utaisha lini?" Nilikujibu kwamba utaisha ukikua. Niliona umeridhika, nikahesabu kwamba nimekulinda. Leo naona nilikunyang'anya siku tatu za maharage ili mimi nisitamke neno moja kwa dada yangu, ambaye kama ningelitamka angesema tu, "Basi nitamtandikia ngozi ya ng'ombe."

Lipo jambo la pili. Jina la mgonjwa sikutajii, kwa kuwa ni siri yake. Na nilivyoipata ruhusa ya kukueleza hata haya machache utaona mwenyewe.

Mwaka wangu wa saba kule Hanang aliletwa mwanamke kijana wa Kibarbaig, aliyejifungua nyumbani siku tatu kabla. Alikuwa na maumivu chini ya kitovu na tumbo lilikuwa limejaa. Hakujua Kiswahili. Alikuja na mama mkwe wake, ambaye naye hakukijua, na baba mkwe, mzee mrefu mwenye shuka nyeusi na Kiswahili safi cha mnadani. Mimi nilifurahi kumpata mkalimani. Mama mkwe nilimwomba asubiri nje kwenye benchi, kwa sababu chumba ni kidogo. Mzee nikampa kiti.

"Mzee, muulize kama anapata haja ndogo bila shida."

 Kisha akageuza uso ukutani na kusema maneno mawili matatu kwa Kibarbaig. Yule mwanamke, aliyekuwa amejifunika hadi kichwani, akajibu kwa sauti ndogo.

"Anasema vizuri," mzee akaniambia.

Nikaandika: haja ndogo, kawaida. Nilipapasa tumbo, nikahisi uvimbe, nikaamua kuwa ni mfuko wa uzazi unaochelewa kurudi. Nikampa dawa za maumivu na za kuzuia maambukizi. Nilizieleza vizuri sana, Paskalina. Nilisema "mara tatu kwa siku" kwa ufasaha ambao ungempendeza mwalimu wangu.

Siku mbili baadaye alirudishwa kwenye pikipiki, ameegemezwa katikati ya dereva na mama mkwe wake. Marselina alimwona kabla yangu. Aliwatoa wanaume wote chumbani, nami nikiwamo, akamwita ndani mama mkwe pamoja na mfanyausafi wetu, ambaye ni mama wa Kibarbaig. Ukuta wetu ni mwembamba. Nilisikia Marselina akiuliza kwa Kiswahili kisicho na mapambo:

"Anakojoa?"

Wanawake wakazungumza wao kwa wao, haraka, kwa pamoja. Kisha mfanyausafi akajibu, "Tangu azae, matone tu. Anasema anasukuma mpaka analia. Alidhani ndiyo uzazi."

Marselina alitoka akanipita mlangoni akiutafuta mpira wa mkojo. Hakuniangalia. Uvimbe ule niliouita mfuko wa uzazi ulikuwa kibofu kilichojaa kwa siku tano. Mfuko wa kupokelea ulijaa, wakaumwaga, ukaanza kujaa tena. Tukampeleka hospitali ya wilaya, na alikaa na mpira ule kwa wiki kadhaa, kwa kuwa kibofu kilichonyooshwa kupita kiasi husahau kazi yake na hujifunza upya polepole, kama mguu uliokuwa ndani ya plasta. Alipona. Lakini zile siku mbili za maumivu, alizokwenda nazo nyumbani na vidonge vyangu mkononi, nilimpa mimi.

Nilimkasirikia yule mzee, aliyekuwa amewafuata kwa miguu. Nilimfuata kwenye benchi siku ileile, nikiwa na hasira ya mtu anayejua kwamba kosa ni lake.

"Mzee, shikamoo. Juzi uliniambia anapata haja ndogo vizuri."

"Marahaba. Sikukuambia hivyo."

"Uliniambia!"

"Nilikuambia anasema vizuri." Akanyoosha fimbo yake magotini. "Daktari, wewe ni mtoto wa mlimani, huenda hujui. Kwetu mke wa mwanangu hataji jina langu. Hata neno linalokaribia jina langu hulipita kando. Hanitazami. Halafu wewe unaniambia mimi nimuulize mkojo wake. Lile neno ulinipa, nikaona siwezi kulifikisha. Nikaliweka chini."

"Ulimuuliza nini, sasa?"

"Nilimuuliza kama amelala vizuri. Akasema amelala vizuri. Alikuwa anadanganya, kwa sababu hakulala. Lakini angenijibu nini mimi?"

"Kwa nini hukuniambia kwamba umeshindwa?"

Alilifikiria swali hilo kwa haki kabisa. "Ulikuwa unaandika," akasema.

Wiki chache baadaye nilimkuta mzee huyohuyo kwenye josho, akimweleza bwana mifugo habari za mtamba wake. Mkojo ulikuwa mwekundu tangu juzi, akasema, mwanzoni kama chai ya rangi, leo umekolea. Unatoka kidogo kidogo, na mnyama anainamisha mgongo. Alieleza kila kitu mbele ya vijana, wanawake na mtendaji wa kijiji, na hakuna aliyegeuka ukutani. Bwana mifugo alipata picha kamili kwa dakika mbili. Nilisimama pale nikimwonea wivu. Mzee hakukosa maneno, wala hakuogopa mkojo. Mimi ndiye niliyemkalisha mahali ambapo mdomo wake haukuweza kufanya kazi, na nikamtoa nje mtu pekee aliyeweza.

Nilidhani mwanzoni kwamba fundisho ni kuacha maneno ya adabu na kusema kama Marselina. Kwa mwezi mzima nilizunguka wodini nikiwauliza watu wazima "unakunya?" hadi mzee mmoja wa kanisa akaomba ahudumiwe na mtu mwingine. Sivyo. Kama ningemwambia yule baba mkwe "muulize anakojoa?" badala ya "haja ndogo", neno lingewekwa chini palepale, labda kwa kishindo zaidi. Jambo lilikuwa ni nani yumo chumbani, na nani anakabidhiwa neno la mtu mwingine alibebe. Siku hizi, kabla ya swali lolote, namuuliza mgonjwa mwenyewe angependa nani abaki naye. Wengine hunishangaa, maana hawajawahi kuulizwa. Yule mwanamke, alipokuja kliniki na mtoto wake aliyenona, nilimuuliza kupitia mfanyausafi wetu kama naweza kuwasimulia wengine kosa langu bila jina lake. Alisema niwasimulie, na akaongeza kitu kilichowachekesha wanawake wote waliokuwa kwenye mkeka. Nikaomba tafsiri, wakakataa kunipa.

Nimekuwa baba mkwe kwako, Paskalina. Nililichukua neno lako nilifikishe kwa shangazi, nikaliweka chini, nikafikisha mzio. Nililichukua tena nilifikishe shuleni, nikaandika "Hana". Na wakati wote huo hujawahi kuniomba nilibebe.

Nina sababu, na ni sababu inayonivua zaidi kuliko unavyofikiri. Chuoni, mwalimu alipofundisha kuhusu watoto wanaokojoa kitandani, alisema si uvivu, si ukaidi, wala si laana. Mara nyingi kibofu na usingizi havijapatana tu, na mara nyingi hali hiyo hutembea katika ukoo. Niliandika kila alichosema isipokuwa hilo la ukoo. Niliinua kalamu, nikasubiri apite. Mimi nilikojoa kitandani hadi darasa la sita. Bibi yako alikuwa akianika ngozi yangu ya kulalia nyuma ya nyumba, upande usioonekana kutoka njiani, na hakuna siku aliyonikemea, wala hakuna siku aliyosema chochote. Nilikua nikiamini kwamba ukimya ule ndio upendo wenyewe. Ulikuwa upendo, sikatai. Lakini nilibaki nikidhani kwamba katika milima yote ya Mbulu ni ngozi moja tu inayoanikwa nyuma ya nyumba. Kulitamka lako ilikuwa kulitamka langu, na mimi nilitaka kufika mkoani nikiwa na shati jeupe. Sikumwambia hata mama yako. Juzi, nilipojikaza kumwambia, alinijibu kwamba mama yangu alimweleza wiki ya kwanza ya ndoa yetu, ili asije akashtuka.

Kwa hiyo sina ushauri wa mtu aliyeshinda. Ninachoweza kukuambia ni kile ninachokijua kama tabibu na kile ninachokijua kama mtoto wa ngozi ile. Kama tabibu: kitanda cha chini, karibu na mlango, mpira wa kutandika chini ya shuka, na mtu wa kukuamsha mara moja kabla ya alfajiri, vinaweza kukupa miezi ya utulivu, na hali yenyewe kwa kawaida huondoka kadiri mtu anavyokua, kama ilivyoondoka kwangu bila kuaga. Hayo yote yanahitaji mlezi ajue. Kama mtoto wa ngozi: si lazima kila mtu ajue. Huna deni la maelezo kwa bweni zima. Kwa rafiki unaweza kukaa kimya mwaka mzima, na huo hautakuwa uongo. Unaweza kumwambia mlezi kwa neno la nyumbani, la hospitalini au la kondakta wa basi. Chagua lile litakalofika likiwa zima.

Ile fomu nimeichukua sandukuni mwako. Nimepiga mstari juu ya "Hana" na kuweka sahihi yangu pembeni, ili ijulikane nani alikosea. Sikuandika kitu badala yake. Asubuhi nilishika simu mara mbili nimpigie mlezi mwenyewe, nimweleze yote, nikuondolee mzigo. Mara zote mbili nikaiweka, kwa sababu nilikuwa nakaribia kukutoa tena nje kwenye benchi. Nawasikia mkiteremka njiani. Mama yako anaongea, wewe unacheka. Naja jikoni kukuuliza, na nikishindwa utabaki na karatasi hii.

Saa kumi na mbili jioni

Naendelea kuandika, ingawa umeshanijibu, kwa sababu nataka uwe nayo kama ilivyokuwa, siku utakayosahau kwamba ulikuwa jasiri.

Ulikuwa unamenya viazi. Nilisimama mlangoni nikiwa nimevaa shati la kazini. Sijui kwa nini nilikuwa nimelivaa.

"Paskalina," nikasema, "unakojoa kitandani."

"Habari hiyo tunayo, Baba Lina," mama yako akasema.

"Nataka kumuuliza. Mlezi aambiwe na nani? Karatasi, mama yako, mimi, au wewe? Au asiambiwe kabisa? Utakalosema ndilo litakalokuwa."

Ulimenya kiazi kizima kabla ya kujibu. Nilihesabu maganda.

"Nitamwambia mwenyewe."

"Vizuri. Mama yako atakuwa karibu nawe."

"Hapana. Mama akiwepo ataeleza yeye, na bweni lote litasikia."

"Mimi nina sauti gani?" mama yako akauliza, na jirani yetu wa chini akaitikia kutoka shambani kwake akidhani ameitwa.

Ukacheka, kisha ukaacha. "Uje wewe, baba."

Nikakueleza kwamba kesho alfajiri natakiwa kuanza safari ya kurudi Hanang, kwamba zamu yangu ni Jumatatu, na kwamba katika mambo haya mimi ndiye dhaifu kuliko wote, kama ulivyoona jana na chumvi.

"Ndiyo maana," ukasema. "Wewe hutaweza kulisema. Kwa hiyo itabidi niliseme mimi."

Nimekwisha kumpigia simu mganga mfawidhi wangu kuomba siku mbili. Aliniuliza sababu. Nilianza kumwambia kwamba kuna changamoto ya kifamilia, nikaacha katikati, nikasema kwamba binti yangu ana jambo lake la kusema na ameomba nisimame naye. Akasema Marselina atashika zamu.

Barua hii naiweka chini kabisa ya sanduku, ili uikute wakati nguo zimeshapangwa na neno lako limeshatamkwa. Kesho nitapanda basi pamoja nanyi. Mama yako atabaki getini na sanduku, kwa amri yako. Mimi nitaingia nawe hadi kwa mlezi, nitamsalimia, kisha nitafunga mdomo wangu na kukusikiliza.

Baba yako